Pengo la sentimita 9: fibula ya mtoto ilipochukua kazi ya tibia

Aliletwa mgongoni mwa mama yake, ingawa kwa miaka 8 alikwisha kupita umri wa kubebwa. Alipoketishwa kitandani, binti huyu alifanya jambo lililotueleza shida yake kabla hatujatazama picha yoyote. Aliushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili, mmoja chini ya goti na mwingine juu ya kisigino, akauinua polepole kama anayehamisha kitu cha watu. Mkono wa chini ulipoteleza, muundi ulipinda katikati, kana kwamba pale pana goti la pili. Hakulia. Aliurudisha mguu mahali pake, akafunika kovu kwa kitambaa, kisha akatuamkia.

Mama alikuwa na swali moja, na alilitoa mapema: "Daktari, mtaukata?"

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaohudumia watoto wenye ambukizo la mfupa, hasa wale wanaokutana nao wiki za mwanzo, maana huko ndiko pengo lilikotengenezwa. Kila kinachoweza kumtambulisha mtoto nimekiacha.

Ugonjwa ulianza miezi 6 kabla ya siku ile, kwa homa na maumivu chini ya goti la kulia. Siku mbili kabla alikuwa ameanguka akicheza, kwa hiyo maumivu yalihesabiwa kuwa ya kuteguka, akapewa dawa za kutuliza. Siku ya 12 mguu ulikuwa umevimba na kung'aa. Alipasuliwa, usaha ukatoka kwa wingi, akaanzishiwa antibayotiki. Homa ilishuka lakini kidonda hakikufunga. Wiki ya sita, mwili wa tibia, ule mfupa mkubwa wa muundi, ulikuwa umekufa na ncha yake inaonekana ndani ya kidonda, nyeupe na kavu. Akarudishwa chumba cha upasuaji, mfupa wote uliokufa ukatolewa.

Ni hapo kisa kilipogeuka. Kueleza kwa nini, inabidi nirudi kwenye namna mfupa wa mtoto unavyokufa na unavyozaliwa upya.

Vijidudu, mara nyingi Staphylococcus aureus, husafiri kwa damu na kutua karibu na ncha ya mfupa mrefu, jirani na gegedu la ukuaji, ile sehemu laini inayourefusha mfupa, mahali ambapo vijishipa hujipinda na damu hupunguza mwendo. Usaha ukijaa ndani hutafuta njia ya kutoka, hupenya ukuta wa mfupa na kuubandua utando unaoufunika. Mfupa hulishwa kwa damu inayotoka ndani, kwenye uboho, na inayotoka nje, kwenye utando huo. Njia zote mbili zikifungwa, kipande kizima hufa. Ila utando wenyewe haufi kirahisi. Kwa mtoto ni mnene, una chembe hai zinazojenga mfupa, na hata ukiwa umebanduliwa huanza kutandaza mfupa mpya kuuzunguka ule wa zamani, kama ala inavyozunguka kisu. Huo mfupa uliokufa ukiachwa ndani kwa muda huwa ni kiunzi: huuweka mguu katika urefu wake na huupa utando umbo la kufuata.

Kwa hiyo, mtoto akiwa na hali nzuri, usaha una njia ya kutoka na dawa zinaendelea, mfupa uliokufa husubiriwa. Hautolewi mpaka ala iwe na nguvu ya kushika mguu yenyewe. Kipimo tunachokitumia wengi ni ala iliyokomaa pande 3 kati ya 4, zikihesabiwa kwenye picha mbili za eksirei, ya mbele na ya ubavu. Mtoto ambaye sumu ya ambukizo imeenea mwilini ni habari nyingine. Huyo huwezi kumsubirisha.

Huyu wetu hakuwa hivyo. Picha iliyokuja na karatasi zake za rufaa, iliyopigwa siku moja kabla ya mfupa kutolewa, ilionyesha ala changa, uzi mwembamba wa kijivu upande wa nyuma tu. Wiki nane au kumi zaidi zingeweza kubadilisha kila kitu. Nimeitazama picha ile mara nyingi. Namwelewa pia aliyeshika kisu siku ile: mfupa umetokeza nje, unanuka, mtoto hataki kuguswa, familia inauliza kila asubuhi, na kipande chenyewe kimelegea, ukikivuta kinakuja. Mkono unatamani kukivuta. Lakini kilipotoka, utando ulianguka ukajikunja, kovu likajaa, na kiwanda cha mfupa mpya kikafungwa.

Tulichokikuta

Tibia ya mguu mzima, ule usiougua, ilikuwa na urefu wa sentimita 26. Upande mgonjwa kulibaki kipande cha juu cha sentimita 8 na cha chini cha sentimita 7, na katikati pengo la sentimita 9. Ncha za vipande zilikuwa zimechongoka kama penseli na kuziba, dalili kwamba mwili ulishaacha kujaribu kuziunganisha. Mguu ulikuwa mfupi kwa sentimita 2. Tundu moja dogo lilikuwa bado linatoa usaha.

Yalikuwapo pia mambo mema. Goti lilikunjika na kunyooka vizuri. Unyayo ulikuwa na hisia, vidole vilicheza, mapigo ya damu yalisikika mbele na nyuma ya kifundo. Magegedu ya ukuaji ya juu na chini yalionekana mazima. Na kando ya pengo ilisimama fibula, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje, haijaguswa na ugonjwa. Katikati ilikuwa na unene wa milimita 8, na tayari ilionekana nene kidogo kuliko ya mguu wa pili. Kwa miezi kadhaa ilikuwa imebeba peke yake kila hatua aliyojikongoja.

Tulimjibu mama kwamba hatuukati, lakini hatutaujenga leo wala mwezi ujao. Jibu la pili lilimwia gumu kuliko la kwanza. Alitarajia tumwekee chuma wiki ileile.

Hatukuweza, kwa sababu mfupa haupandikizwi kwenye usaha. Upasuaji wa kwanza ulikuwa wa kusafisha tu: tuliifuata njia ya tundu hadi mwisho wake, tukatoa vibanzi vitatu vya mfupa uliokufa, tukapeleka nyama za ndani maabara. Staphylococcus aureus aliota, na dawa ikachaguliwa kwa kufuata majibu hayo kwa wiki 6. Mguu ulifungwa plasta kuanzia pajani hadi vidoleni, ili ule mpindo wa katikati usiendelee kuchosha ngozi. Kisha tukakaa miezi 3 kamili tangu kidonda kikauke. Kipimo cha CRP, cha damu kinachoonyesha kama ambukizo bado linawaka, kilirudi kawaida na kikabaki hapo. Kwa kisa kilichoanzia kwenye haraka, hatukuwa tayari kukiongezea haraka yetu.

Njia zilizokuwa mezani

Pengo la sentimita 9 kwenye tibia ya sentimita 26 ni zaidi ya theluthi moja ya mfupa. Haliwezi kujizibia lenyewe likiwa na ncha zilizofungwa namna ile, na kuchota vipande vya mfupa wa nyonga na kuvijaza tu hakutoshi. Ukilichukulia pengo kama mcheduara wenye kipenyo cha sentimita 2, unahitaji takriban sentimita za ujazo 28 za mfupa laini. Nyonga ya mtoto wa miaka 8, ambayo ukingo wake bado ni gegedu, haina akiba hiyo bila kuumizwa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyotuondoa kwenye mbinu ya Alain-Charles Masquelet wa Ufaransa, ingawa naipenda. Pengo hujazwa kwanza saruji ya mifupa, mwili huizungushia utando wenye mishipa ya damu kwa wiki 6 hadi 8, kisha saruji hutolewa na nafasi yake kujazwa vipande vya mfupa ndani ya utando ule. Kwa pengo la sentimita 4 au 5 ningeichagua bila kusita. Kwa 9, swali la utatoa wapi mfupa wa kujazia linabaki palepale.

Tuliijadili zaidi njia ya Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan huko Siberia aliyeanza kuijenga miaka ya 1950. Mfupa mzima hukatwa kwa upole, husubiriwa siku 5 hadi 10, kisha kipande husogezwa milimita 1 kwa siku, kikigawanywa robo robo mara nne, na nyuma yake mfupa mpya huota. Ni njia yenye nguvu, inayorudisha urefu pia. Kwa mtoto huyu, kusogeza peke yake kungechukua siku 90, na mfupa mpya unahitaji mwezi mmoja au zaidi kwa kila sentimita ili ukomae. Maana yake mwaka mzima ndani ya vyuma vinavyouzunguka mguu kwa nje, au karibu na hapo, waya zikipita kwenye ngozi ya kovu jembamba na kila tundu la waya likihitaji kusafishwa kila siku. Zaidi ya hayo, kipande cha juu chenye sentimita 8 kilipaswa kushika waya, kukatwa na kutoa kipande cha kusafiri, huku gegedu la ukuaji likiwa juu yake tu. Nafasi ilikuwa finyu mno. Mmoja wetu aliitetea njia hii mpaka mwisho, na hoja yake ya urefu ilikuwa ya kweli, kama itakavyoonekana.

Kuhamisha fibula ya mguu wa pili pamoja na mishipa yake na kuishona kwa darubini, upasuaji uliotangazwa mwaka 1975 na Ian Taylor na wenzake wa Australia, kungetupa mfupa hai. Ila kungeugusa mguu pekee mzima alionao. Mtoto aliyenyofolewa fibula huweza baadaye kupinda kifundo kwenda nje, kwa sababu ncha ya chini ya fibula ndiyo ukuta wa nje wa kifundo, na ikikosa mhimili wake hupanda juu kadiri anavyokua.

Basi tukarudi kwenye ule mfupa uliokuwa umesimama kando ya pengo muda wote. Mwaka 1905 Thomas Huntington wa Marekani alieleza jinsi alivyoisogeza fibula ya mguu uleule na kuipachika kwenye tibia iliyopotea ya mtoto. Haihitaji darubini. Fibula hubaki na misuli na mshipa wake wa damu, kwa hiyo inahama ikiwa hai. Na kwa mtoto ina sifa ambayo mtu mzima amekwisha kuipoteza kwa sehemu kubwa: ikibebeshwa uzito, hunenepa. Masharti yake ni fibula isiyo na ugonjwa, ambukizo lililotulia, na watu walio tayari kungoja. Urefu hairudishi. Tuliikubali tukilijua hilo, na tukamwambia mama kabla hajatia saini.

Upasuaji wa juu, kisha wa chini

Tuliufanya kwa awamu mbili ili fibula isikatwe juu na kuvurugwa chini siku moja.

Awamu ya kwanza tulipasua upande wa nje wa muundi. Kazi ya mwanzo ilikuwa kuitafuta neva ya peronea, inayojizungusha kwenye shingo ya fibula karibu sana na ngozi. Ukiijeruhi, unyayo unaning'inia na mtoto anaukokota maisha yake yote. Tuliiona, tukaifungia utepe laini, tukaiweka pembeni. Fibula ikakatwa chini ya shingo, sentimita 2 juu ya usawa wa ncha ya kipande cha juu cha tibia, ili ipatikane sehemu ya kuingilia. Hatukuimenya misuli yake. Tulipoukata, mdomo wa mfupa ulibaki mweupe kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, halafu vitone vya damu vikaanza kujitokeza kimoja kimoja, kama jasho kwenye paji la uso. Msaidizi wangu aliacha kufyonza ili tuvione. Mfupa ulikuwa hai.

Ncha ya tibia tuliipunguza mpaka nayo ikatoa damu, tukaitoboa shimo la kupokea, tukaisogeza fibula kwenda ndani, ikaingia. Waya mbili zilitosha kuishikilia, zote zikiwa mbali na gegedu la ukuaji, na tukazungushia mfupa laini kidogo kutoka nyongani. Bamba kubwa la chuma tulilikwepa kwa makusudi, maana chuma ndani ya mguu uliokuwa na usaha ni maficho ya vijidudu. Plasta ndefu ikafuata. Wiki ya 14 kiungo cha juu kilikuwa kimeshika.

Awamu ya pili ilikuja mwezi wa saba baada ya ile ya kwanza. Chini hatukuikata fibula. Tuliichuna ubavu wake na ubavu wa kipande cha chini cha tibia, tukaviunganisha kando kwa kando kwa skrubu mbili juu ya gegedu la ukuaji, tukajaza mfupa laini katikati. Ukuta wa nje wa kifundo ukabaki umefungwa imara mahali pake. Hasara yake ni kwamba mhimili mpya ulikaa mshazari, ukianzia katikati juu na kuishia upande wa nje chini. Tulikubali mshazari ili tusihatarishe kifundo.

Kosa letu

Wiki ya 12 baada ya awamu ya pili, picha zilionyesha kiungo cha chini kimeshika. Mpango ulisema plasta isitolewe mpaka kifaa cha kushikilia muundi kiwe tayari, kile kinachobana chini ya goti na kuupunguzia muundi uzito. Siku ya kliniki kifaa hakikuwa kimekamilika. Ngozi ilikuwa imechubuka kisigino, mtoto alikuwa amechoka, nami nikaamua plasta itolewe, awekewe ya upande mmoja kwa wiki mbili, atembee kwa magongo bila kukanyaga.

Siku ya tisa usiku aliamka peke yake, akasimama, akakanyaga. Fibula ilivunjika katikati, palepale ilipokuwa nyembamba kuliko kote.

Alirudi akiwa na aibu, akidhani kosa ni lake. Nilimwambia, mbele ya mama yake, kwamba aliyekosea ni mimi: kiungo kikishika juu na chini, hakimaanishi mfupa wa milimita 8 katikati yake unaweza kubeba mtoto wa kilo 24. Mama alikaa kimya kidogo, akauliza, "Sasa tunaanza upya?" Hatukuanza upya. Mfupa haukuhama, ulikuwa na damu yake, na kwa plasta ya wiki 8 uliunga kwa kovu kubwa la mfupa. Toka siku ile, hapa kwetu plasta ya mtoto wa namna hii haikatwi kabla kifaa hakijavalishwa kikajaribiwa.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya uzito. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpandishia mzigo hatua kwa hatua: kwanza kugusa sakafu tu, kisha robo ya uzito wake kwenye mizani ya bafuni, ambayo mtoto aliisoma mwenyewe na kuitangaza kwa sauti, kisha nusu. Watu huchukulia sehemu hii kama nyongeza, wakati ndiyo dawa yenyewe. Kanuni aliyoieleza Julius Wolff wa Ujerumani mwaka 1892 inasema mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba, na kwenye picha za binti huyu unaiona ikitenda. Mwanzo wa kukanyaga, fibula ilikuwa milimita 11. Miezi 6 baadaye ilikuwa 14. Katika picha ya mwisho ni 17, na tibia ya mguu mzima ni 21. Mfereji wa uboho umeshajifungua katikati, na ukimwonyesha mtu asiyejua kisa atasema ni tibia nyembamba iliyoinama kidogo.

Alipo sasa

Ana miaka 10 na nusu. Anatembea bila gongo, na kifaa anakivaa anapokwenda shule na anapocheza. Ndani ya nyumba tumemruhusu akivue. Goti linakunjika lote, kifundo kina mwendo pungufu kidogo, na hakijapinda kwenda nje. Ambukizo halijarudi.

Ila mguu ni mfupi kwa sentimita 3.5, na kiatu chake kimeongezwa soli. Hapa ndipo ile hoja ya mwenzetu inapodai jibu. Tofauti iliyo chini ya sentimita 2 tungemwachia, lakini hii itamsumbua kiuno na mwendo. Kwa makadirio yanayotumika, gegedu la chini la paja hukuza milimita 9 au 10 kwa mwaka na la juu la tibia milimita 6, na msichana huacha kukua miguu karibu na miaka 14. Tukiyasimamisha magegedu yote mawili ya goti la mguu usiougua akiwa na miaka 11 na nusu, mguu mfupi utafidia karibu sentimita 3.75 kufikia mwisho wa ukuaji. Ni upasuaji mdogo, lakini atakuwa mfupi kwa kiasi hicho, na unagusa mguu ambao haukuwahi kuugua. Njia nyingine ni kumwachia akue, kisha kuurefusha mguu mgonjwa kwa vyuma vya Ilizarov, ukikatwa sehemu ya juu ambayo ni tibia yake ya asili, wakati kipande kile kitakuwa kimerefuka vya kutosha kushika waya.

Tuliwachorea njia zote mbili kwenye karatasi, mama na binti. Mama anaelekea kwenye ile ndogo. Binti aliitazama michoro muda mrefu, akauliza kama vyuma vitamzuia kuruka kamba, na kwa muda gani. Tukamjibu kwa miezi. Akasema atafikiri. Tumempa tarehe ya kurudi baada ya miezi 6, kwa picha ya miguu yote miwili akiwa amesimama na picha ya mkono ya kupima umri wa mifupa.